Taya Lisilofungika

Mama alipiga mwayo kanisani, katikati ya matangazo, na mdomo wake haukufungika tena.

Nilikuwa nimeketi kando yake. Mwanzoni nilidhani ni mwayo mrefu tu, maana matangazo yenyewe yalikuwa marefu: harusi, mchango wa mabati, mkutano wa akina mama, kisha harusi ileile tena. Halafu nikaona macho yake. Yalikuwa yamenikodolea, na kidole chake kikielekeza mdomoni. Akajaribu kusema, ikatoka "aaa" tupu. Mate yakaanza kumdondoka kwenye gauni, na mama yangu ni mtu ambaye hata akienda kuchuma majani chai hubeba kitambaa safi kifuani. Alijaribu kuyazuia kwa kiganja, akashindwa.

Mzee mmoja wa kanisa akasema ni kiharusi. Mwanamke mmoja wa kwaya akasema la, ni Roho anamshukia, aachwe. Wakamzunguka wakaanza kuomba kwa sauti, kila mtu na ombi lake, na mimi katikati yao nikisukuma kidevu chake juu kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayefunga droo iliyokwama. Kadiri nilivyosukuma ndivyo alivyolia. Kumbe aliyekuwa akimuumiza ni mimi.

Tukapanda bodaboda hadi hospitali ya Longisa, yeye katikati, mimi nyuma, leso imemfunika uso ili watu wa barabarani wasimwone. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana wa mikono mikubwa. Alimtazama kidogo tu, akatabasamu.

"Hii si stroke, madam. Angalia vile anainua mikono yote. Ni taya imetoka tu."

"Imetoka imeenda wapi?" nikamuuliza kwa ukali. Nikiogopa huwa mkali, nimeumbwa hivyo, na watu wengi wamenichukia kwa ajili hiyo bila kujua kwamba nilikuwa natetemeka.

Hakukasirika. Alivaa glavu huku akinieleza. Kichwa cha mtu, alisema, ni mifupa mingi iliyoshonana ikatulia. Unaosogea ni mmoja tu, huu wa chini. Umening'inia pande mbili, mbele ya masikio, kama mpini wa ndoo. Kila ncha ina kifundo, na kila kifundo kina kishimo chake kwenye fuvu, na mbele ya kishimo kuna kilima kidogo. Ukifungua mdomo sana, kifundo hupanda kile kilima. Ukifunga, hurudi shimoni. Lakini kikivuka upande wa pili, basi. Misuli ya kufunga mdomo ni yenye nguvu kuliko yote ya uso, kwa sababu kazi yake ni kutafuna, na haijui kama kifundo kiko kwake au kiko ugenini. Inavuta tu. Inakibana juu huko mahali pasipo pake, na mwenye mdomo hawezi kufanya lolote.

"Kwa hivyo ukisukuma kidevu juu, unasaidia ile misuli kukosea," akasema. "Hii kitu, ndio ufunge, lazima kwanza ushukishe."

Akazungushia vidole gumba vyake kitambaa cha kidonda, akaviingiza mdomoni mwa Mama hadi nyuma kabisa kwenye ufizi. Alisema kitambaa ni cha kujikinga, kwa sababu taya likirudi huja na meno yake. Halafu akamchungulia mdomoni, akacheka. "Lakini wewe kogo huna kitu ya kuniuma nayo." Kogo ni nyanya, siku hizi kila mtu humwita hivyo. Akamwambia alegeze mwili, apumue polepole, afikirie ng'ombe wake. Akabonyeza chini, akasukuma nyuma. Nikasikia mlio mdogo, ko, na uso wa Mama ukarudi.

"Kogo, hii taya imewahi gongwa?"

Mama akapangusa mdomo kwa kitambaa chake, akakikunja mara mbili kabla ya kujibu.

"Ng'ombe," akasema. "Zamani."

"Ndio hiyo. Kamba za hii joint zimelegea. Itarudia, msishtuke."

Nilitazama ukutani. Nilikuwepo hiyo zamani. Hakukuwa na ng'ombe.

Nilikuwa mdogo, nikibadilisha meno ya mbele. Baba alirudi kutoka kwenye kituo cha kupimia majani chai, akakuta ugali umepoa. Hilo tu. Sipendi kuieleza zaidi, na kwa kweli hakuna zaidi: mkono uliinuka, ukatua, na nikausikia uso wa Mama ukigongwa. Asubuhi yake shavu lilikuwa limevimba hadi jicho limefunga, na mdomo haukuweza kupitisha hata ncha ya kijiko. Majirani walipouliza, yeye mwenyewe ndiye aliyesema ni ng'ombe, alimpiga teke wakati wa kukama. Wakati huo tulikuwa na ng'ombe mmoja, mpole hata kuku walilala mgongoni mwake.

Magego ya Mama yameisha kwa uzee, na mbele, chini, hana meno mawili. Hayo mawili hayakuanguka yenyewe, yaling'olewa akiwa msichana, kabla watu wa kwao hawajabatizwa. Ilikuwa desturi yetu Wakipsigis, na wazee walikuwa na sababu yao: pepopunda ikimshika mtu, taya hujifunga likawa jiwe, sasa pale penye pengo patapita maziwa. Sisi watoto wa shule tulikuwa tukiwacheka wenye mapengo. Lakini wiki ile pengo lilifanya kazi. Babu, baba wa Baba, alikuwa akija na kibuyu cha maziwa na kusimama nje ya mlango, maana baba mkwe haingii hivihivi kwa mke wa mwanawe. Alinipa mimi kibuyu, nami nikammiminia Mama kidogokidogo pale mbele. Babu akiuliza kutoka nje, "Yanapita?" nami nikijibu, "Yanapita."

Siku moja akasema, "Mwambie mama yako huyo ng'ombe nitaongea naye."

Na aliongea naye. Sijui alimwambia nini mwanawe, lakini kwa miaka kadhaa nyumba ilitulia. Babu alipokufa, ng'ombe akarudi. Baba naye alikufa baadaye, kitandani mwake, akiombewa na kanisa zima, akasifiwa kaburini na watu waliokuwa wakweli kwa kadiri ya walichokijua.

Daktari hakukosea. Taya lilirudia. Lilitoka Mama akiuma hindi la kuchoma. Lilitoka akicheka hadithi ya mwizi wa kuku. Likatoka hata bila sababu, akiwa amesinzia kwenye kiti na kichwa kimelala nyuma. Tuliporudi Longisa yule kijana alinifundisha kulirudisha mwenyewe. Aliniambia pia kwamba mfupa wa taya usipokuwa na meno hupungua, unaliwa kidogokidogo na mwili wenyewe, ndiyo maana kidevu cha mzee husogea karibu na pua. Nikaanza kumtazama Mama akinywa uji, nikiona mfupa ukipungua mbele yangu, na sikuwa na la kufanya.

Kulirudisha nilijua. Nilikata vipande vya shuka kuukuu nikavifua, nikawa navibeba mfukoni. Nilimketisha kwenye kigoda, mgongo ukutani, nikamwambia alegee. Siku akilegea, taya lilirudi upesi. Siku akiwa na hofu, misuli ilibana hadi vidole vyangu vikafa ganzi, na tulilazimika kungoja, yeye akidondokwa na mate, mimi nikimpangusa na kumtukana shetani. Hakuna kitu kilichonitisha kama kungoja kule. Wazee wa zamani walijiandaa kwa taya lisilofunguka, wakang'oa meno ya watoto wao kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna aliyefikiria taya lisilofungika.

Mama akaacha kuimba. Hapo awali tukichuma majani chai alikuwa akiimba kutoka mwisho wa mstari hadi mwisho, nasi tukijua alipo bila kuinua macho. Sasa alichuma kimya. Akitaka kupiga mwayo, aliweka kiganja chini ya kidevu akakishikilia, kama mtu anayebeba yai.

Kisha mke wa kaka yangu akajifungua mvulana, na Mama akafurahi kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Mtoto kwetu hupewa jina la aliyetangulia. Tunaenda kanisani, ndiyo, na mtoto atabatizwa kwa jina la kizungu, lakini kwanza wanawake wazee hukaa naye asubuhi na kuita majina ya wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Mtoto hunusishwa ugoro kidogo. Jina likiitwa na mtoto akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Mchungaji anajua, na huwa haulizi. Majina yenyewe siyaandiki hapa, ni ya nyumbani.

Anayeita ni nyanya ya mtoto, mama wa baba yake. Mama aliniambia tukiwa shambani, vikapu mgongoni.

"Nitamwita babu yenu. Nimwite mapema, halafu nimrudie. Mtu mzuri vile akae tu huko chini kwa nini?"

"Na wengine?"

"Nitawaita wengine." Akachuma, akachuma. "Yule mmoja nitampita."

Sikuhitaji kumuuliza ni yupi. Nilimuuliza habari ya shangazi, dada ya Baba, ambaye angekuwepo na ambaye hakuna kikao alichowahi kukaa kimya.

"Atasema nini? Anayeita ni mimi. Mtu hawezi kurudi bila kuitwa." Akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba ruhusa, mama mzima, kwangu mimi mtoto wake. "Si katika nyumba hii. Si mara ya pili. Si mimi nimbebe mgongoni."

Nikamwambia ni sawa, Mama. Nikaamini kwamba ni sawa.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanawake wachache sebuleni kwa kaka yangu. Mke wake aliketi na mtoto mapajani, bado hajapona vizuri. Shangazi alikuwa na kikopo cha ugoro. Alikuwa amefika mapema, akambeba mtoto, akamtazama paji la uso, na machozi yakamtoka. Ni kweli mtoto alikuwa na paji la Baba, pana, lenye mkunjo katikati. Hata mimi nililiona. Shangazi alimpenda kaka yake. Alimlea mgongoni walipofiwa na mama yao, na habari ya taya la Mama, yeye pia aliambiwa ni ng'ombe.

Mama akaanza. Sauti yake ilikuwa ya chini mwanzoni, kwa kuogopa taya, mkono kidevuni. Akaita wa kwanza, akangoja. Akaita wa pili. Shangazi akasogeza ugoro puani kwa mtoto, mtoto akakunja uso, hakuna kitu. Mama akamwita Babu. Akamwita tena, na sauti ikapanda, ikakaribia ile sauti yake ya majani chai. Mtoto akafungua macho. Mama akaona, akaondoa mkono kidevuni ili amwite kwa mdomo wote, akafungua mdomo, na taya likatoka.

Ikabaki "aaa."

Nilikuwa karibu naye kabla wengine hawajaelewa. Nilitoa vitambaa mfukoni, nikazungusha vidole, nikaingiza mdomoni. "Legea, Mama. Legea. Fikiria ng'ombe wako." Lakini nyuma yangu nilimsikia shangazi akisema, "Basi wacha mimi niendelee, mtoto asichoke," na nikasikia kikopo kikifunguliwa.

"Ngojeni!" nikasema. "Ngojeni taya lirudi!"

"Mtoto hangoji, mwanangu. Wewe mshughulikie mama yako."

"Shangazi, nimesema ngoja!"

"Hivi unanipigia kelele mimi? Mbele ya mtoto?"

Wanawake wakaninyamazisha. Wewe nawe, wakasema, siku kama hii. Nami ningewaambia nini, na vidole vyangu vikiwa mdomoni mwa mwenye habari yenyewe? Ningesema hakukuwa na ng'ombe, mbele ya mke wa kaka yangu, mbele ya mtoto? Hata hivyo nilifungua kinywa. Mama akanishika mkono. Alikuwa ananitazama, na alitikisa kichwa kidogo sana, kwa kuwa hakuweza kukitikisa zaidi. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananikataza nisiseme au ananiambia nibonyeze.

Nikabonyeza. Misuli ya mashavu yake ilikuwa imekaza kama kamba ya kufungia kuni. Nilibonyeza hadi machozi yakanitoka, machozi ya hasira, na taya halikusogea hata kidogo. Ile misuli ilikuwa ikifanya kazi yake, ikivuta, ikikosea, na kadiri shangazi alivyoendelea kuita ndivyo ilivyozidi kubana. Shangazi hakutaja majina mengi. Alifika kwa kaka yake akamwita kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Mtoto akapiga chafya.

Vigelegele vikapigwa. Mke wa kaka yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. Shangazi alikuwa analia wazi, mikono juu, akisema, "Amerudi, kaka yangu amerudi." Na hapo, chini ya vidole vyangu, nikamsikia Mama akilegea. Alilegea mwili mzima, mabega, shingo, mashavu. Hata sikubonyeza. Taya likashuka lenyewe, likarudi nyuma, likaingia shimoni mwake, ko.

Mdomo wake ukafungika. Sasa angeweza kusema chochote alichotaka.

"Mama," nikamwambia. "Sema. Sema tu warudie."

Alipangusa mate kwa kitambaa chake, akakikunja. Chafya ikishatoka imetoka, hilo nalijua mimi na analijua kila mwanamke aliyekuwa ndani ya chumba kile. Hakuna anayemrudisha mtu alikotoka. Wakamletea mtoto ili ambariki, akampokea, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji lile la uso, akamrudisha kwa mama yake. Akaomba chai.

Njiani kurudi nilimlaani shangazi kwa kila neno ninalolijua. Mama akaniambia niache, kwamba shangazi hajui.

"Ungemwambia basi! Miaka yote hii ungemwambia mtu!"

"Ningemwambia nini?" akasema. "Nilishasema ni ng'ombe."

Mama alimlea mtoto vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilikuwa nikimchunguza. Mke wa kaka yangu aliporudi kazini, mtoto alishinda kwetu, na Mama alimwogesha, akampa maziwa, akambeba mgongoni akienda kwenye mifugo. Hakumwita kwa lile jina. Alimwita mtoto, au alimwita kwa ulimi, kwa kile kimlio watu wanachowaitia ndama. Nilianza kudhani mambo yamepita.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, siku moja alasiri Mama alikuwa naye mapajani, nje, kwenye jua, nami nikipukuchua mahindi karibu nao. Mtoto alikuwa na furaha ya kitoto isiyo na sababu. Akacheka, akatupa mkono juu kama watoto wanavyofanya, mkono usiojua unakokwenda.

Mama akainama upesi. Kichwa kilikwenda kando, bega likapanda, kiganja kikafunika taya, macho yakafunga. Nilikuwa sijauona mwendo ule tangu Baba afe, na haukuwa umesahau chochote.

Mkono wa mtoto ukamgusa sikio, ukamshika hereni.

Nikaacha mahindi. Nilitaka kumchukua mtoto, au nimshike yeye, lakini sikujua nianzie wapi.

"Ni mtoto tu, Mama," nikamwambia.

"Najua," akasema, na kiganja hakukiondoa.